Siku za Jua Kali Mjini Lubumbashi

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii sote twaijua, na mara nyingi twaitamka mlangoni pasipo kuifikiri. Mwaka 2023 sisi, watu watatu wa nyumba moja ya Tabora, tulikwenda ugenini kwa nia ile ile iliyomo katika methali: mwenyeji alikuwa mgonjwa, nasi tulikwenda ili apone. Alipona, twamshukuru Mungu. Lakini sisi wenyewe tulirudi na deni, na kwa sababu ya deni hilo, wasomaji wapenzi, tumeona vema kuandika habari hii.

Mdogo wetu wa kike ameolewa Lubumbashi, mji mkuu wa jimbo la Haut-Katanga katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mumewe ni dereva wa lori. Huchukua shaba na kuipeleka bandari ya Dar es Salaam, kisha hurudi na shehena nyingine, na kila safari humweka mbali na nyumba yake kwa majuma mengi. Mwezi wa Agosti mdogo wetu aliteleza uani akavunjika mguu chini ya goti. Akatiwa plasta, akaamriwa asiukanyage mguu ule mpaka mfupa uunge. Nyumbani mlikuwa na watoto wanne, na kitinda mimba alikuwa na miezi kumi na minne tu.

Simu yake ilipotufikia hatukufanya baraza refu. Mmoja wetu alikuwa amekwisha kustaafu, baada ya kufundisha Kiswahili katika shule za msingi kwa miaka thelathini na mitatu. Mwenziwe ni mama wa nyumba, mwenye cherehani yake. Binti yetu alikuwa amefanya mtihani wa darasa la saba katikati ya Septemba, akawa anangoja matokeo. Tukafunga mizigo.

Safarini

Kutoka Tabora tulipanda basi mpaka Mbeya, tukavuka mpaka pale Tunduma, tukarudisha saa zetu nyuma kwa saa moja, kisha tukaikata nchi ya Zambia. Tulipita Kapiri Mposhi, Ndola na Chingola, hata tukafika Kasumbalesa, penye lango la kuingilia Kongo. Malori yalikuwa yamepangana kandokando ya barabara, moja nyuma ya jingine, mwisho wake hauonekani. Madereva walikuwa wakipika chini ya matrela yao kama watu waliohamia pale. Watu wa afya wakatazama vyeti vyetu vya chanjo ya homa ya manjano. Tulipolipita lango, gari letu likahamia upande wa kulia wa barabara, maana ndiyo desturi ya Kongo, kinyume cha Tanzania na Zambia. Binti yetu alifumba macho kila tulipokutana na lori.

Mwalimu hawezi kusafiri pasipo kufundisha. Pale mpakani mmoja wetu alimwonyesha binti yetu jinsi ardhi ilivyoinuka kidogo, akamweleza kwamba mpaka huu wafuata mgongo wa nchi wenyewe. Mvua inyeshayo upande wa Zambia huteremka mpaka mto Kafue, kisha Zambezi, hata ikafika Bahari ya Hindi. Inyeshayo upande wa Kongo huingia mto Kafubu, kisha Luapula, hata ikaufikia mto Kongo na kumwagika katika Bahari ya Atlantiki. Matone mawili yaangukayo karibu karibu hayataonana tena.

Binti yetu akatazama vumbi, akauliza, "Na isiponyesha?"

Tukacheka tu. Swali lake tulilikumbuka baadaye.

Mji wa shaba

Lubumbashi u mbali na Kasumbalesa kwa kilomita zipatazo 90. Wabelgiji waliuanzisha mwaka 1910 wakauita Élisabethville, kwa heshima ya malkia wao. Mwaka 1966 ukapewa jina la mto mdogo upitao pale. Ni shaba iliyouzaa. Ukiwa mbali waliona dohani refu lenye mita zipatazo 150, na kando yake kilima cheusi. Kilima hicho hakikuumbwa pamoja na nchi. Ni mabaki ya mawe yaliyoyeyushwa tangu tanuri lilipoanza kazi mwaka 1911. Wenyeji wakipotea njia hulitafuta dohani kwa macho, kama mabaharia watafutavyo taa ya pwani.

Mji umegawanyika sehemu saba, nazo huitwa komini. Moja yaitwa Kenya, na binti yetu aliwapelekea rafiki zake habari kwamba amefika Kenya kwa miguu, hata tukalazimika kuwaeleza wazazi wao. Nyumba ya mdogo wetu i katika komini ya Katuba.

Kuhusu jua, hatutasema uongo. Joto la Oktoba si jambo geni kwa mtu wa Tabora. Miji hii miwili iko juu sawasawa, mita zipatazo 1,200 toka usawa wa bahari; mwitu wa miombo ndio ule ule; na katika miji yote miwili Oktoba ndio mwezi wa hari kuu, kabla ya mvua. Adhuhuri kipimo hufika nyuzi 32 au 33. Lakini nyumbani mtu hujua mahali pa kujificha na jua, tena hujua kisima kipi hakikauki. Ugenini hajui. Tangu Mei mvua ilikuwa haijanyesha. Vumbi jekundu lilikaa juu ya majani, juu ya meza, hata katika sahani. Moshi wa mioto ya porini ulilifanya jua lionekane jekundu jioni. Mijakaranda tu, kando ya barabara za mjini, ndiyo iliyokuwa imechanua maua ya zambarau, kana kwamba haina habari ya kiu.

Siku zetu zilikuwa hivi. Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa kisimani uani, maana maji yaliyojikusanya usiku hutekwa mapema, nayo yalikuwa ndoo nne, baadaye tatu, baadaye mbili. Ndoo ya kwanza ilikuwa ya kunywa na kupikia, nayo ilichemshwa. Ya pili ilikuwa ya kuogea watoto, na maji yake hayakumwagwa. Yalisuuza sakafu, kisha yakapewa mche wa mpapai. Watoto wakubwa wakaenda shule, ambayo wao huiita masomo. Mmoja wetu akamsafisha mgonjwa na kumgeuza; binti yetu akambeba mtoto; mmoja akaenda sokoni na faranga za Kongo mkononi. Mwenye dola za Marekani naye huuziwa, lakini noti ikiwa imechanika hata kidogo, hurudishiwa mwenyewe.

Chakula kilipikwa juu ya jiko la makaa, ambalo kule huitwa mbabula. Ugali huitwa bukari, na kisamvu huitwa sombe. Mchana tuliketi sote chini ya mwembe, mgonjwa amelazwa juu ya mkeka, mguu wake mweupe umeinuliwa juu ya kigoda, tukingoja kivuli kirefuke.

Lugha ya jirani

Sasa yatupasa kusema jambo lisilotupa sifa.

Ng'ambo ya ua wa matete alikaa mama mjane, mwenye umri kama wetu. Alijipatia riziki kwa kuuza munkoyo, kinywaji cha unga wa mahindi kilichotiwa mizizi ya mti wa jina hilo hilo, kinachofanana kidogo na togwa yetu. Wajukuu wake walicheza na watoto wa mdogo wetu kutwa nzima. Sote twasema Kiswahili, lakini Kiswahili chao si kama chetu. Husema batoto, nasi twasema watoto. Husema mayi, nasi twasema maji. Husema moya, nasi twasema moja.

Mtu aliyefundisha miaka thelathini na mitatu hawezi kusikia hayo akanyamaza. Mmoja wetu, mwalimu yule, aliwakusanya watoto chini ya mwembe, akawa anawasahihisha. "Si mayi, ni maji. Semeni tena." Watoto walicheka mwanzoni, baadaye hawakucheka, baadaye hawakuja. Na mwenziwe mwalimu asijifanye hana hatia: alikuwa akicheka kando, na jioni akawaeleza ndugu wa Tabora kwa simu, kwa sauti iliyovuka ua.

Asubuhi moja yule mama alikuja mpaka kwenye pengo la ua na chupa ya munkoyo, akasema kwa upole, "Jambo, ba mwalimu. Mulilala muzuri?"

Mwalimu akapokea chupa, akajibu, "Mama, mimi ni mwalimu mmoja tu, siko wengi. Haifai kusema ba mwalimu. Sema mwalimu."

Yule mama akamtazama kidogo. "Aksanti," akasema, akarudi kwake. Tangu siku ile alitusalimu kwa neno moja tu, jambo, wala hakulingoja jibu. Mdogo wetu aliona, lakini alikuwa mgonjwa na mwenye kuhitaji msaada wetu. Akanyamaza kwa kutuheshimu. Sisi tulidhani jua ndilo lililomchosha jirani.

Matembezi

Katikati ya Oktoba shemeji alirudi kutoka safarini, na ingawa alikuwa amechoka, hakutaka turudi Tabora tukisema tumeijua Katuba tu. Jumapili alitupeleka kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo, lililojengwa kwa matofali mekundu mnamo mwaka 1920. Ndani mlikuwa na ubaridi kama wa mtungi. Misa ilikuwa ya lugha mbili, Kifaransa na Kiswahili, na nyimbo za Kiswahili zilipoanza tuliona watu walioketi kimya wakiinuka kana kwamba wameitwa kwa majina yao.

Alasiri tulipita Kamalondo, penye uwanja wa mpira wa TP Mazembe. Klabu hiyo ilianzishwa mwaka 1939 na watawa Wabenedikto kwa ajili ya vijana wa shule, nayo imeshika kombe la mabingwa wa Afrika mara tano: 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Rangi zake ni nyeusi na nyeupe, na wachezaji wake huitwa Kunguru. Watoto wa mtaa, katika jua ambalo mtu mzima asingelithubutu kulitembelea, walikuwa wakicheza miguu mitupu, kila mmoja akijitaja kwa jina la mchezaji ampendaye.

Lakini matembezi yaliyotufaa zaidi ni ya siku iliyotangulia, Jumamosi, tulipokwenda nyumba ya makumbusho, iliyoanzishwa mwaka 1946. Mle tulionyeshwa misalaba ya shaba, mizito, iliyokuwa fedha ya nchi hii karne nyingi kabla ya Mzungu kufika. Mzee aliyetuongoza alipojua kwamba tumetoka Tabora alisimama, akasema, "Basi ninyi si wageni." Akatukumbusha habari za Msiri, mwana wa mfanyabiashara aliyetoka pande zetu za Unyamwezi kufuata shaba na pembe, akajifanyia ufalme hapa Katanga, makao yake yakawa Bunkeya, hata siku ya tarehe 20 Desemba 1891 alipouawa na afisa mmoja wa msafara wa Kapteni Stairs. Watu wake, Wayeke, wangali wapo.

Mwalimu akauliza kuhusu Kiswahili cha mji. Mzee yule alieleza kwamba migodi iliita watu wa kila upande: Waluba, Wabemba, watu wa Rhodesia, na baadaye hata wa Rwanda na Burundi. Hawakuwa na lugha moja. Kiswahili kikawa lugha yao ya kazini, ya mtaani na ya kanisani, kila kabila likakitilia chumvi yake. Tena kina kitabu chake: mwaka 1965 watu waliokuwa watumishi katika nyumba za Wazungu waliandika historia ya Élisabethville kwa Kiswahili hicho hicho, kazi iliyokusanywa na André Yav, na wataalamu wa ng'ambo wameisoma na kuichapa upya. Hawakumngoja mtu wa kuwasahihisha ndipo waandike.

Mwalimu alisikiliza, akaandika katika daftari lake, akashukuru. Lakini kujua jambo ni kitu kimoja, na jambo hilo kuingia moyoni ni kitu kingine. Jumatatu alipomsikia mtoto akisema batoto, mdomo wake ulifunguka kama kawaida.

Usiku wa Alhamisi

Shemeji alisafiri tena Jumanne. Juma lililofuata bomba la mtaa lilikauka, siku ya kwanza, ya pili, hata ya tisa. Kisima cha uani kikatoa ndoo moja ya tope. Tukanunua maji kwa vijana wapitao na mikokoteni na madumu ya manjano, na bei ikapanda kila siku.

Alhamisi, tarehe 26 Oktoba, mchana, tulifanya kosa. Dumu moja la maji safi lilibaki, nasi tuliona aibu kwamba nguo za kuvaa kanisani ni chafu. Tukasema, kesho vijana wa mikokoteni watapita. Tukafua. Nguo zilikauka upesi sana katika jua lile, nasi tukafurahi tulipozikunja.

Jioni kitinda mimba alianza kuhara na kutapika. Saa tatu usiku alikuwa amekwisha kuhara mara nane. Umeme haukuwapo. Kwa mwanga wa taa ya simu tuliona macho yake yameingia ndani, na midomo imekauka. Alilia, lakini machozi hayakutoka. Mama yake akajikokota kutoka kitandani na plasta yake, akaketi sakafuni, akasema, "Mpeni maji." Mwenziwe mwalimu, ambaye ameulea mtoto mmoja na kuwazika wawili, alijua dalili zile. Alijua pia dawa ya kwanza, nayo ni maji yaliyotiwa sukari na chumvi. Sukari ilikuwapo. Chumvi ilikuwapo. Tukainamisha dumu juu ya kikombe, yakatoka matone. Nguo safi zilikuwa juu ya kiti, zimekunjwa vizuri.

Mwalimu akashika dumu aende kutafuta maji, lakini usiku ule, katika mji asioujua, hakujua aanzie wapi. Jirani wa karibu ni yule mama, na hatukuwa na uso wa kumwendea. Twakiri kwamba tulisimama mlangoni tukishauriana, mtoto akilia nyuma yetu, kwa sababu ya haya tu.

Hatukuhitaji kwenda. Alikuja mwenyewe. Alipita katika pengo la ua, dumu la lita ishirini kichwani, na mjukuu wake mkubwa nyuma yake ameshika mbabula yenye moto. Hakutusalimu. Akasema, "Minasikia mutoto analia vile haina machozi. Minaleta mayi."

Yalikuwa maji aliyoyanunua kwa ajili ya munkoyo wa kesho yake. Tukayachemsha juu ya moto wake, tukayapoza kwa kuyamimina kutoka chombo hiki kwenda hiki, tukatia sukari na chumvi. Mama yake alimnyonyesha kila alipokubali, na katikati tukampa kijiko kimoja kimoja. Alipotapika tulingoja kidogo, tukaanza tena. Tulishika kijiko kwa zamu, na zamu ya yule jirani ilikuwa ndefu kuliko zetu, maana alikataa kutupokeza tulipomwona amesinzia. Karibu na alfajiri mtoto alikojoa. Hatujapata kufurahia nepi iliyolowa namna ile.

Kulipokucha tulimpeleka zahanati. Mwuguzi akamtazama, akamkaza ngozi ya tumbo, akasema kwamba kama tusingalimnywesha usiku kucha angefika katika hali nyingine kabisa. Akatupa pakiti za chumvichumvi za kuzuia upungufu wa maji, na vidonge vya zinki, tukarudi nyumbani. Siku ile yule mama hakuuza munkoyo.

Maana ya neno moja

Jumamosi tulikwenda kwake kushukuru, sisi sote watatu, na kilo mbili za sukari. Alitukaribisha, akatutandikia mkeka. Mwalimu akasema, "Mama, naomba uniambie jambo moja. Siku ile uliniita ba mwalimu, nami niko peke yangu. Kwa nini?"

Yule mama akamtazama kuona kama anasahihishwa tena. Alipoona sivyo, akajibu, "Mutoto ni moya. Mukubwa haiko moya."

Basi tukaelewa. Katika Kiswahili chao, na katika lugha ya Wabemba walio majirani zao, mtu mzima anayeheshimiwa huitwa kwa wingi, kana kwamba amesimama pamoja na wazee wake wote. Mtoto ndiye aitwaye kwa umoja. Yule mama alikuwa amekuja na zawadi mbili asubuhi ile, chupa na heshima. Mwalimu alipokea chupa, na heshima akairudisha akisema ina makosa ya sarufi.

Mwalimu hakuwa na neno. Mwishowe akasema, "Tumekosa, mama. Utusamehe." Akasema tumekosa, kwa wingi, na safari hii wingi ule ulikuwa sahihi, kwani tulikosa sote.

Yule mama akacheka mpaka akashika tumbo. Kisha akaomba jambo. Alitaka aandikiwe kipimo cha ile dawa ya maji, maana wajukuu ni wengi na mvua za kwanza huja na maradhi. Mwalimu akakata kipande cha boksi, akakiandika kwa herufi kubwa, nasi twakirudia hapa kwa faida ya kila nyumba: lita moja ya maji safi yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo sita vya sukari, vilivyosawazishwa juu, nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Chumvi isizidi, maana ikizidi humdhuru mtoto. Apewe kidogo kidogo, kila mara, wala asiachishwe kunyonya. Nayo ni ya kumshikilia njiani tu, isiwe sababu ya kutompeleka kwa daktari.

Alipofika kwenye neno la kwanza, mkono wa mwalimu ulisita. Miaka thelathini na mitatu alikuwa ameliandika neno lile ubaoni kwa namna moja. Akaandika MAYI.

Kipande kile kilitundikwa juu ya mlango wa yule mama, na kabla ya juma kwisha majirani watano walikuwa wamekinakili. Watoto nao wakarudi chini ya mwembe. Mwalimu aliwafundisha hesabu.

Mvua

Siku chache baada ya Sikukuu ya Watakatifu Wote, alasiri, upepo ukaja na harufu ya udongo. Watoto wa mtaa wote walikimbia nje. Sisi wenye heshima zetu tulisimama barazani kidogo, kisha tukashuka nasi, na mgonjwa akanyosha mkono wake dirishani. Ndoo, sufuria, mabeseni, kila kitu kilitolewa nje. Binti yetu akasema, "Haya yote yanakwenda Atlantiki." Yule mama, aliyekuwa uani kwake na kitambaa kimemshikamana kichwani, akamjibu kwamba si yote, na mengine yanabaki ndani ya ndoo yake.

Novemba alitupeleka nje ya mji. Mwitu wa miombo ulikuwa umevaa majani mapya, yale ambayo kabla ya mvua huwa mekundu kama shaba, nao ulikuwa umeanza kuwa kijani. Tuliona vichuguu vikubwa kama nyumba, vyenye miti juu yake. Kando ya barabara watoto waliuza uyoga katika beseni na maembe katika ndoo. Binti yetu alijifunza kuuchagua uyoga unaoliwa, nasi tulimwonya kwamba elimu hiyo isitumike Tabora pasipo mtu ajuaye wa kwetu.

Mwanzoni mwa Desemba plasta ilikuwa imekwisha kuondolewa, na mdogo wetu alitembea kwa fimbo mpaka langoni kutuaga. Kitinda mimba alikuwa ameanza kukimbia. Yule jirani akatupa chupa ya munkoyo kwa safari, akasema, "Mwende muzuri, ba mwalimu." Mwalimu akaipokea chupa kwa mikono miwili, akaitika.

Wasomaji wapenzi, hatusemi kwamba watoto wasifundishwe lugha sanifu. Mwalimu wetu bado huwasaidia watoto wa mtaa wetu hapa Tabora, na kalamu yake nyekundu haijakauka. Twasema hivi tu: daftari la mwanafunzi husahihishwa, lakini salamu huitikiwa. Tunao majirani wengi waliokuja kwetu kutoka Kigoma, Burundi na Kongo, na vinywa vyao hutuchekesha sokoni. Kabla ya kucheka, tuulize kwanza neno lile lina maana gani kwao. Huenda ni sisi tunaoheshimiwa, wala hatujui.